Mhubiri asiyejichagulia somo

Ukilisikia jina la Malaki kanisani, ujue vikapu vya sadaka viko njiani. Ni sura ya 3, mstari wa 10, habari ya zaka, ghala na madirisha ya mbinguni. Wako waumini wa miaka thelathini ambao hawajawahi kusikia mstari mwingine wowote wa nabii huyo ukihubiriwa. Waulize Malaki alikuwa akigombana na nani, nao watakujibu bila kusita: na watu wasiotoa zaka.

Kitabu chenyewe kina sura nne na mistari 55, na ukikisoma kwa sauti unakimaliza kabla chai haijapoa. Mhubiri akikianzia mwanzo, Jumapili ya kwanza tu anakutana na makuhani. Hao ndio wanaokaripiwa kwanza, kwa kuweka madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, wanyama ambao wasingethubutu kumpelekea mtawala wao. Mungu anaona afadhali mtu afunge milango ya hekalu kuliko moto uendelee kuwashwa bure namna hiyo. Sura ya 2 ni yao tena, na humo wanatishiwa kupakwa usoni mavi ya wanyama wa sikukuu zao. Kisha wanafuata wanaume waliowasaliti wake wa ujana wao. Katika sura ya 3, mistari mitano kabla ya ule wa zaka, wanashtakiwa wachawi, wazinzi na waapao uongo, na pamoja nao wanaomdhulumu kibarua ujira wake na wanaowaonea wajane, yatima na wageni. Ndipo inapokuja zaka.

Kwa hiyo mchungaji anayehubiri Malaki kwa mpangilio hufika kwenye zaka akiwa ameshakaa kizimbani yeye mwenyewe wiki mbili tatu. Mama wa benchi la mbele ambaye hajamlipa dada wa kazi tangu mwezi juzi naye ameshapata fungu lake, sawa na tajiri anayewazungusha vibarua wake kila Jumamosi. Mstari ni uleule, lakini aliyeufikia kwa kupita njia nzima na aliyeurukia kutoka juu hawahubiri kitu kimoja.

Huko ndiko kuhubiri kitabu kwa mfululizo, desturi ambayo Wakristo wengi wa kiinjili huihesabu kuwa ndiyo kazi hasa ya mimbari. Jumapili hii mhubiri anaanzia pale alipoishia Jumapili iliyopita, apapende asipapende. Si uvumbuzi wao. Yohane Krisostomo aliipitia Injili ya Mathayo huko Antiokia katika karne ya 4, na mahubiri yake 90 ya kitabu hicho tunayo hadi leo. Tarehe 1 Januari 1519, siku aliyotimiza miaka 35, Huldrych Zwingli alipanda mimbari ya Grossmünster mjini Zürich, akaacha masomo yaliyopangiwa kila Jumapili na kuanza na Mathayo sura ya kwanza, yaani na ile orodha ndefu ya fulani akamzaa fulani. Alipotakiwa kutetea jambo hilo jipya, alimtaja Krisostomo.

Kisa cha Geneva ndicho kinachosimuliwa zaidi. Mji ulimfukuza John Calvin wakati wa Pasaka ya 1538, ukamwita tena mwaka 1541. Watu walikwenda kanisani wakijua leo atawatolea uvivu. Akafungua Biblia mahali alipokuwa ameishia zaidi ya miaka mitatu nyuma, akaendelea na somo. Baadaye akawa anahubiri Agano Jipya Jumapili na Agano la Kale siku za kazi. Ayubu alichukua mahubiri 159, Kumbukumbu la Torati 200. Idadi hiyo inajulikana kwa sababu kuanzia 1549 wakimbizi kutoka Ufaransa walimlipa mwandishi wa hati mkato, Denis Raguenier, aandike yote yaliyosemwa. Mwaka 1805 maktaba ya Geneva iliuza juzuu nyingi za hati hizo kwa wauza vitabu, zikapimwa kwa uzito kama karatasi chakavu. Wajukuu nao wana mambo yao.

Kwetu hali ni mchanganyiko. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina kalenda yake inayompa mhubiri masomo na neno kuu la kila Jumapili, na Wakatoliki wana masomo yanayozunguka kwa miaka mitatu. Huko nako mhubiri hajichagulii, ingawa anachopewa ni vipande vilivyokwisha kukatwa. Katika makanisa mengi ya kiroho ya mijini kinachotawala ni kaulimbiu. Januari bango linapandishwa, mwaka wa kuinuliwa au mwaka wa kumiliki, kisha mistari inatafutwa ya kulijaza. (Waislamu wa pwani waliokua wakihudhuria darsa za tafsiri mwezi wa Ramadhani, sheikh akifuata sura aya kwa aya, pengine wanatushangaa kwamba jambo hili linahitaji makala.)

Lakini mtu asidhani kwamba kufuata mpangilio kunamfunga mhubiri mikono yote miwili. Mkono mmoja unabaki huru, nao ni ule unaoshika mwendo.

Mtazame Martyn Lloyd-Jones. Alikuwa daktari wa Wales, msaidizi wa Thomas Horder, mmoja wa matabibu wakubwa wa London, na mwaka 1927 akaacha yote akaenda kuhubiri Aberavon, mji wa bandari na viwanda vya chuma. Baadaye alihudumu Westminster Chapel, karibu na jumba la kifalme la Buckingham. Oktoba 1955 alianza kuhubiri Waraka kwa Warumi Ijumaa jioni, akipumzika kiangazi. Watu walikuja kwa mamia baada ya kazi, wanafunzi wengi wakiwemo, kumsikiliza mtu asiyewachekesha wala kuwasimulia visa. Machi 1968 aliugua saratani, akafanyiwa upasuaji, na mfululizo ukakatikia sura ya 14, mstari wa 17. Ilikuwa zaidi ya miaka 12 na zaidi ya mahubiri 360. Kutoka mwanzo wa waraka hadi mahali hapo kuna mistari 367. Piga hesabu mwenyewe: karibu Ijumaa nzima kwa kila mstari.

Namheshimu Daktari, kama washarika wake walivyomwita. Nimesoma baadhi ya mahubiri yale na sijui mtu mwingine anayeweza kukukalisha juu ya kiunganishi kimoja cha Paulo kwa muda mrefu hivyo bila kukuchosha. Alihoji mstari kama alivyokuwa akimhoji mgonjwa: umeanzaje, unaumia wapi, waliokutibu kabla yangu walikosea nini. Hata hivyo, huo ni waraka. Paulo aliupeleka Rumi, inaelekea kwa mkono wa Fibi, ili usomwe mbele ya kusanyiko, na ukisomwa kwa sauti unachukua kama saa moja. Mtoto aliyezaliwa wiki ile Daktari alipoanza alikuwa na miaka 12 mfululizo ulipokatika. Mistari 35 ya mwisho ya sura ya 8, ilipochapishwa, ilijaza vitabu viwili. Mwanafunzi aliyefika London kwa masomo ya miaka mitatu angeweza kurudi kwao akiwa ametembea ndani ya sura chache tu, hajui barua ilianza na nini wala inakwenda wapi.

Na wale wa mwisho hawakufikiwa kabisa. Sura ya 16 ina salamu: Fibi, Priska na Akila, Yunia, Trifaina na Trifosa, mama yake Rufo. Ni sura inayotuonyesha kanisa lenyewe likiwa na sura za watu, wanawake wengi wakitajwa kwa kazi zao, na mafundisho yote ya sura zilizotangulia yalikuwa yakienda nyumbani kwa hao. Kwa mwendo ule, mistari 66 iliyobaki ingehitaji miaka mingine miwili. Hakuna aliyeikataa, muda uliishia kwingine tu. Ndiyo maana nasema mwendo nao ni uchaguzi. Anayekaa miaka mitatu kwenye sura aipendayo amejichagulia somo kama yule wa bango la Januari, ingawa kwa adabu zaidi.

Charles Spurgeon, aliyejaza maelfu katika Metropolitan Tabernacle upande wa kusini wa London, hakutaka kabisa mifululizo mirefu. Alikuwa na kumbukumbu ya utotoni ya mtu aliyehubiri Waebrania mfululizo hadi kijana Spurgeon akatamani Waebrania wangebaki na barua yao wenyewe. Yeye alitafuta mstari wake Jumamosi jioni. Ukiwa Spurgeon inawezekana. Wengi wa wanaoiga Jumamosi yake hawana Jumatatu hadi Ijumaa yake, ya kusoma.

Dick Lucas alionyesha njia ya kati. Kuanzia 1961, katika kanisa la St Helen's Bishopsgate, aliwahubiria wafanyakazi wa mabenki na bima za London kila Jumanne, saa ya chakula cha mchana. Watu hao walikuwa na dakika zao chache na bosi anayeangalia saa. Kwa hadhira hiyo huwezi kulala kwenye mstari. Lucas alisisitiza kwamba kila kitabu cha Biblia kina wimbo wake mmoja unaopita chini ya sura zote, na kazi ya mhubiri ni kuusikia huo kwanza.

Afrika nako mbegu hii imeota. Conrad Mbewe wa Lusaka, aliyesomea uhandisi wa migodi, ameichunga Kabwata Baptist Church tangu 1987 akihubiri kwa namna hii na kuipinga waziwazi injili ya utajiri. Langham, shirika lililotokana na kazi ya mhubiri Mwingereza John Stott, huwakutanisha wahubiri wa Kenya na Tanzania wasome kitabu kimoja pamoja kabla ya kukihubiri. Lakini tuseme ukweli kuhusu mazingira. Mwinjilisti wa mtaa ana shamba, ana misiba miwili kwa wiki, ana Jumapili ya mavuno, ya harambee na ya mgeni kutoka dayosisi. Vitabu vya ufafanuzi vilivyo vingi ni vya Kiingereza. Umwambie aanze Warumi kwa mwendo wa Daktari? Mwambie aanze Yona: sura nne, Jumapili nne. Ruthu ni vivyo hivyo. Filemoni ni asubuhi moja, na inatosha kuharibu usingizi wa mwenye nyumba yeyote anayemtumikisha mtu.

Na masimulizi yapewe nafasi yake. Mabingwa wa Uingereza walizipenda mno nyaraka, nasi tumerithi mapenzi hayo, wakati sehemu kubwa ya Biblia ni hadithi na hadhira yetu inajua kusikiliza hadithi. Hapo ndipo kishawishi cha kuruka kinapojitokeza. Chukua Yusufu, Mwanzo sura ya 37 hadi 50. Sura ya 37 kijana anauzwa, kila mtu amekaa wima. Jumapili ijayo mhubiri anakwenda moja kwa moja kwa mke wa Potifa, sura ya 39, kana kwamba ya 38 ilichanwa.

Ya 38 ni ya Yuda na Tamari, na ninaelewa kwa nini inarukwa watoto wakiwa wamekaa kwenye mkeka mbele. Mwanamke anafiwa na mume, anapewa shemeji, shemeji anafanya hila naye anakufa. Mkwe anaahidi kumpa mdogo wao, Shela, akikua, kisha anamrudisha binti wa watu kwao na kunyamaza. Tamari anajifunika ushungi, anakaa njiani, mkwe anamdhania kahaba, anaacha kwake muhuri, kamba na fimbo yake kuwa rehani. Mimba inapojulikana Yuda anataka achomwe moto. Vitu vyake mwenyewe vinaletwa mbele yake, naye anakiri kwamba mwenye haki ni mwanamke. Niambie ni kijiji gani cha kandokando ya Ziwa Victoria ambako habari ya mjane anayezungushwa na ukoo wa mumewe itahitaji kufafanuliwa. Tena bila sura hiyo humwelewi Yuda wa sura ya 44, anayejitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Mtu aliyemuuza ndugu mmoja amebadilika mahali fulani njiani. Na Tamari yumo katika orodha ileile ya Mathayo ambayo Zwingli aliianzia, mstari wa 3.

Aliyekwenda mbali kuliko wote kwa kutoruka ni John MacArthur wa California, aliyefariki Julai 2025. Alianza kuhudumu Grace Community Church mwaka 1969 akakusudia kuhubiri Agano Jipya lote, mstari baada ya mstari. Si kila msimamo wake ninaukubali, lakini kazi ile aliimaliza, tarehe 5 Juni 2011, baada ya miaka 42. Kitabu cha mwisho kilikuwa Marko, na fungu la mwisho Marko 16:9-20, mistari ambayo haimo katika baadhi ya hati za kale zinazoaminika zaidi. Angeweza kufunga siku hiyo kwa shangwe na keki. Badala yake alitumia mahubiri yale kuwaeleza washarika habari za hati za kale, zilivyonakiliwa na kulinganishwa, na kwa nini yeye anaamini kwamba mistari hiyo 12 haikuandikwa na Marko.