Waache Watoto Wachume Mapera

Hapa Mbalibali, wilayani Serengeti, mapera yakiiva watoto wa jirani hawasubiri kukaribishwa. Mwenye mti akitoka na fimbo, wao wameshatoweka. Mimi nipo upande wa watoto, na sababu yangu ni ya kikemia kabisa.

Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C; chungwa lina kama 53 tu. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji miligramu 25 kwa siku, yaani pera moja dogo linamtosha na kuzidi. Ila uhondo wenyewe uko kwenye madini ya chuma. Chuma cha maharage na ugali wa mtama hufyonzwa kidogo sana, kwa sababu kemikali iitwayo faiteti hukishikilia. Vitamini C hukiweka katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea. Sharti vikutane tumboni, kwa hiyo pera la wakati wa mlo lina kazi kuliko la saa kumi jioni.

Hofu ya minyoo je? Ni ya kweli, lakini ipo chini ya mti zaidi. Mayai ya minyoo ya askarisi huweza kukaa hai udongoni kwa miaka. Basi la kuokota lioshwe, anayechuma naye anawe mikono, na ile fimbo itumike kuvutia matawi. Mti ukipuliziwa dawa, wasubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Na yasiyoliwa? Huoza pale chini, yakazalisha nzi wa matunda, *Bactrocera dorsalis*, aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2003. Msimu ukifika, anahamia kwenye maembe yako.