Sare iliyofichwa mfukoni: Kicheko cha Papa Shirandula chagawa watazamaji

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofika, mji wa Bariadi huchelewa kulala. Malori yaliyosheheni pamba hupita hata baada ya swala ya Isha, na asubuhi utaona nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba ya kando ya barabara. Katika jioni moja ya msimu wa namna hiyo, miaka michache iliyopita, tulikuwa tumeketi sebuleni kwa baba yangu mdogo. Mpwa wetu afanyaye biashara mpakani Sirari alikuwa amerudi na kadi ya simu iliyojaa vipande vya mchezo wa kuchekesha kutoka Kenya, na watoto wakamlazimisha auchomeke kwenye televisheni.

Mchezo ulikuwa Papa Shirandula. Bwana mnene, mwenye maneno mengi na haiba ya mtu mzito, anaishi na mkewe Wilbroda ambaye anaamini kuwa mumewe ana kazi kubwa yenye mshahara wa kuringia. Kumbe bwana huyo ni mlinzi wa getini. Kila siku anahangaika ili siri isifike nyumbani, na katika kuhangaika huko ndimo vicheko vinamopatikana.

Sote tulicheka. Mama mdogo alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka saba, akanyoosha kidole kwenye kioo na kusema kwa furaha: "Huyu si kama baba!"

Kicheko kilikatika ghafla. Baba mdogo ni mlinzi wa usiku katika ghala la pamba. Kila jioni alikuwa akitoka nyumbani na shati safi na kofia yake ya kiua, sare akiwa ameikunja vizuri ndani ya mfuko, na kuivaa akishafika langoni. Hatukupata kumuuliza kwa nini. Jioni ile hakujibu neno. Alichukua tochi yake, akatuaga kwa salamu kamili, akatoka na mfuko wake kwapani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasikiliza kwa makini zaidi watazamaji wa michezo ya aina hii katika nyumba za jamaa na majirani, hapa mjini na huko Maswa. Nimegundua kuwa kicheko ambacho kwa mbali husikika kimoja, ndani yake kimegawanyika.

Kazini kuna vituko

Kuchekesha watu kwa mambo ya kazini si jambo geni Afrika Mashariki. Wakenya wamekuwa wakitazama Vioja Mahakamani tangu zama ambazo shirika lao la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya, kabla halijawa KBC. Mahakama ni mahali pa kazi: yupo hakimu, mwendesha mashitaka, karani na askari, na kila juma huletwa mshitakiwa mwenye kisa chake. Kwetu Tanzania, kundi la Ze Comedy lililoanzia EATV, kisha likahamia TBC na kujulikana kwa jina la Orijino Komedi, lilijipatia umaarufu kwa kuiga meza ya wasomaji wa taarifa ya habari.

Papa Shirandula ulionyeshwa na Citizen TV ya Nairobi kwa zaidi ya miaka 10. Mhusika mkuu aliigizwa na Charles Bukeko, ambaye jina la mchezo lilimganda hata wengi wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Jacqueline Nyaminde alikuwa Wilbroda, Kazungu Matano alikuwa Otoyo, na Jacky Vike alikuwa Awinja, mtumishi wa nyumbani asiyekubali kunyamazishwa. Bukeko alifariki dunia Julai 18, 2020, katika siku ngumu za maradhi ya korona, na msiba wake uliwaliza watu waliomfahamu kwa sura ya mlinzi tu.

Wasioridhika na wanaoutetea

Malalamiko ya wasioridhika ni matatu. La kwanza ni la urefu. Mchezo unaoendelea kwa miaka mingi juu ya siri moja, wanasema, humchosha mtazamaji: mke gani huyo asiyegundua muongo mzima? La pili ni la lafudhi. Wahusika wengi huchekesha kwa namna wanavyotamka Kiswahili, kila mmoja akibeba mzigo wa kabila lake, tena pengine si kabila la mwigizaji mwenyewe. Jina la Kazungu Matano lina asili ya Pwani, lakini lafudhi aliyoibeba Otoyo ni ya Kijaluo. Kabla yake, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyefariki Julai 2015, aliishi miaka na miaka katika macho ya watu kama Mzee Ojwang', Mjaluo.

Lalamiko hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Simiyu. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ni mkoa wa Wasukuma kwa sehemu kubwa, na Msukuma amechekwa vya kutosha katika vichekesho vya nchi hii. Hata jina la Masanja, lililomtangaza Emmanuel Mgaya wa Orijino Komedi, ni jina la Kisukuma. Kijana wa Itilima au Meatu anapokwenda kusoma Dar es Salaam, mara nyingi hutakiwa aseme neno lolote tu ili wenzake wacheke. Aliyewahi kuchekwa hivyo hawezi kumtazama Otoyo kwa moyo mweupe.

Lalamiko la tatu ni la wazee wetu msikitini, nalo ni la dini. Hukumbusha onyo la Mtume (SAW) kwa mtu asemaye uongo ili watu wacheke, na kwamba yeye mwenyewe alitania lakini hakusema ila kweli. Hukumbusha pia aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kuwadharau watu wengine, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ndio bora.

Wanaoutetea nao wana hoja zao. Wanasema katika tamthilia nyingi mlinzi ni mtu wa kufungua geti na kupotea. Hapa ndiye mwenye nyumba ya hadithi. Ana mke, ana marafiki, ana akili ya kujinasua, na mabosi hupita mbele yake kama wageni. Wanasema vilevile kuwa Awinja ni mtumishi wa ndani mwenye sauti, jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi halijatokea bado. Na akina mama niliozungumza nao wana jicho lao: wanaume humcheka Wilbroda kwa makelele yake, lakini wao huuliza ni nani aliyeanza kumdanganya mwenzake.

Nani anachekwa?

Mgawanyiko wa namna hii haupo kwetu tu. Mwaka 2001 BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha The Office, mchezo juu ya wafanyakazi wa kampuni ya karatasi na meneja wao anayejiona hodari kuliko alivyo. Wamarekani wakatengeneza wa kwao, ulioonyeshwa na NBC kuanzia 2005 hadi 2013 na kufikisha sehemu 201. Steve Carell, aliyeigiza meneja, alipoondoka mwaka 2011, mashabiki waligawanyika pande mbili, na mabishano yao hayajaisha: wako wanaoona mchezo ungefungwa siku ile, na wako walioendelea kuwapenda waliobaki hadi mwisho.

Ukiweka michezo hii bega kwa bega, utaona tofauti moja. Katika The Office, anayechekwa zaidi ni mkubwa. Wadogo hutazamana na sisi hucheka nao. Katika Vioja Mahakamani, kicheko aghalabu hutoka kizimbani, kwa mnyonge aliyeletwa kujibu mashitaka. Papa Shirandula unasimama katikati, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mlinzi anachekwa, lakini sare yenyewe haichekeshi. Ukimwondolea uongo anaoubeba, anabaki mtu wa kawaida anayekwenda kazini na kurudi na riziki ya halali. Kinachochekesha ni ile mbio ya kuificha.

Basi swali si kwa nini mwigizaji anaficha sare. Swali ni nani aliyemfanya aone haya. Mtu hafichi kitu isipokuwa anajua kuna macho yatakayokidharau. Macho hayo ni ya mke anayehesabu waume wa majirani, ya wakwe wanaouliza kazi kabla ya kuuliza tabia, ya watoto wanaoandika shuleni kuwa baba ni "mfanyakazi" na kuishia hapo. Ni macho yetu.

Ilhali sisi Waislamu tulipaswa kuwa watu wa mwisho kuiona kazi ya ujira kuwa aibu. Mtume wetu (SAW) alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kwa malipo. Nabii Musa (AS), kama inavyosimuliwa katika Suratul Qasas, alifika Madyan akiwa hana kitu, akakubali kufanya kazi ya kuajiriwa kwa miaka 8 au 10, na kwa ujira huo akaozwa binti wa mwajiri wake. Mkwe yule hakuambiwa kuwa anaoza kwa mtu mkubwa. Alichosifiwa Musa na yule binti ni nguvu na uaminifu, sifa mbili ambazo mwenye ghala lolote la pamba angezitafuta kwa mlinzi wake.

Siku kumi na nne

Narudi kwa baba mdogo, maana yake ndiyo habari iliyonifanya niandike. Wakati ule binti yake mkubwa alikuwa ameposwa na kijana wa Maswa. Wajumbe walipokuja na kuuliza habari za nyumba, baba mdogo alijibu kuwa yeye yuko kiwandani. Hakusema uongo; aliacha neno moja tu. Wajumbe waliondoka wakidhani ni mtu wa ofisi, mwenye kalamu na daftari la mizani, na yeye hakuwasahihisha.

Siku mbili baada ya jioni ile ya televisheni alimwita mshenga. Akamwambia, mimi nikiwa nimekaa pembeni, kwamba kuna neno hakulimalizia: yeye ni mlinzi wa usiku, mwaka wa kumi na mmoja sasa, na asingependa binti yake aingie katika nyumba ya watu kwa jambo lililofichwa. Mshenga alisema amesikia. Akaondoka.

Zilipita siku kumi na nne bila habari. Mama mdogo aliacha kabisa kuwasha televisheni. Binti hakulalamika, lakini nilimwona akitazama njia kila pikipiki iliposimama. Katika siku hizo nilifahamu kwa nini mtu anaweza kuchagua kubeba sare mfukoni kwa miaka kumi na moja. Ukweli una gharama, na aghalabu anayeilipa si yule aliyeusema peke yake.

Siku ya kumi na tano mshenga alirudi na tarehe ya nikaha. Kuhusu kazi ya baba mdogo hakuleta neno lolote, zuri wala baya. Hatukujua waliyoyazungumza Maswa, na hatukuuliza. Siku ya nikaha baba mdogo alimwozesha binti yake kwa mkono wake na kwa sauti iliyosikika hadi nje. Jioni, wageni wakiwa bado wanakula pilau, aliingia chumbani akatoka amevaa sare kamili, mkanda umefungwa, tochi mkononi. Akapita katikati ya wakwe zake akiwapa mikono mmoja mmoja, akaenda kazini.

Msomaji ataniuliza: sasa je, anaupenda mchezo ule? Hapana. Baba mdogo hadi leo anasema si jambo la kumchekesha mtu, na ukiwashwa huondoka sebuleni. Mama mdogo naye hadi leo anautazama, na bado anajifuta machozi kwa kanga. Nyumba ni moja, na hukumu zimebaki mbili. Wala simwoni hata mmoja wao kuwa amekosea. Mmoja anaona sare inayochekwa. Mwingine anaona mume anayehangaika, naye anamcheka kwa huruma ya mtu anayemjua mwenzake.

Ninachokiomba kwa wazazi wenzangu wa Simiyu ni kidogo. Mchezo wa namna hii ukiwa unaendelea na watoto wakacheka, msikimbilie kuuzima, wala msicheke tu mkanyamaza. Waulizeni wanamcheka nani. Kisha waambieni, kwa jina lake lote, kazi anayoifanya baba yao na mama yao. Yule mtoto wa miaka saba ameshakuwa mkubwa kiasi cha kubeba tochi. Jioni nyingine humsindikiza baba yake hadi kona ya barabara ya ghala, na akikutana na wenzake njiani husema bila kuulizwa kuwa baba anakwenda kulinda.