Furaha na kilio ndani ya majuma matatu

Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11, leo kiangazi, kesho masika. Kalenda ya Kiyahudi nayo hufuata mwezi mwandamo, lakini Torati iliagiza Pasaka iangukie majira ya machipuko. Kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13, ili mwezi wa Nisani, wenye Pasaka, usitoke kwenye majira yake.

Pasaka huingia jioni, maana kwa Wayahudi, kama kwa Waswahili, siku huanza jua likitua. Nyumba imeshasafishwa, haina hata punje ya kitu kilichochachuka. Mezani kuna mikate isiyotiwa chachu, mboga chungu za kukumbushia utumwa wa Misri, na matunda yaliyopondwa kwa njugu na divai, mfano wa udongo wa kufyatulia matofali. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huo una mambo yake, na wakubwa wanapaswa kumsimulia jinsi mababu walivyokombolewa. Yakitajwa mapigo kumi yaliyowapata Wamisri, watu hudondosha divai kidogo kwa kila pigo. Wengi hueleza kwamba kikombe hakiwezi kujaa ilhali kuna waliokufa, hata kama walikuwa adui.

Kwa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, simulizi la kukombolewa lina tarehe ya juzi tu. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Utawala wake ulikwisha Kampala ilipoangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda, tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka iliingia.

Mkesha wa Pasaka una kumbukumbu nyingine, nzito zaidi. Tarehe 19 Aprili 1943 wanajeshi wa Kinazi waliingia geto la Warsaw nchini Poland, mtaa waliofungiwa Wayahudi, kuwachukua waliosalia. Vijana wenye silaha chache waliwapiga, na mapambano yakaendelea hadi katikati ya Mei. Vita ilipokwisha, wengi walitaka siku hiyo iwe ya kuwakumbuka Wayahudi milioni sita waliouawa. Lakini ilikuwa 14 Nisani, na jioni yake ni Pasaka: mtu ataombolezaje huku anaandaa karamu ya uhuru? Mwaka 1951 Bunge la Israel likachagua 27 Nisani, siku chache baada ya sikukuu kwisha. Marabi wengi hawakuridhika, kwa kuwa desturi inakataza matanga katika mwezi wote wa Nisani. Mpaka leo Wayahudi wengi wenye msimamo mkali wa dini hawaitambui. Binafsi naona Bunge lilifanya lililowezekana: msiba wa ukubwa ule usingepata nafasi iliyo wazi katika kalenda yoyote.

Siku hiyo, Yom HaShoah, saa nne asubuhi king'ora hulia nchini Israel kwa dakika mbili. Magari husimama katikati ya barabara kuu, madereva hushuka na kusimama kimya kando ya milango iliyoachwa wazi.

Kama juma moja baadaye, tarehe rasmi ikiwa 4 Iyari, mwezi unaofuata Nisani, huja siku ya askari waliokufa vitani na raia waliouawa katika mashambulizi. Jioni yake, katika mlima Herzl mjini Jerusalem, bendera iliyokuwa nusu mlingoti hupandishwa hadi juu, mienge 12 huwashwa, na sherehe ya uhuru wa 1948 huanza. Kwa Wapalestina mwaka huo huo ni wa Nakba, yaani janga, wanayoikumbuka 15 Mei, kwa kuwa zaidi ya 700,000 kati yao walipoteza makazi. Hata miongoni mwa Waisraeli waliofiwa wapo wanaoumia kuona muziki ukipigwa kabla machozi hayajakauka. Wengine wanashikilia kwamba siku hizo mbili zisitenganishwe, kwa sababu wanaosherehekea wanapaswa kwanza kupita makaburini.