Inge

Nilikuwa nimekwenda Vanga kwa habari ya mikoko, ile ambayo wenyeji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wameshirikiana kuihifadhi kwa biashara ya hewa ukaa, na habari hiyo niliipata na kuikamilisha kabla ya adhuhuri. Lakini gari la kunirudisha Lunga Lunga lilikawia, jua likawa kali, na katika kutafuta kivuli nikajikuta nimeketi katika baraza ya fundi mmoja wa kushona, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeniitikia salamu bila ya kuinua macho kwenye kazi iliyokuwa mbele yake. Kazi yenyewe ilikuwa tanga la mashua. Nguo ilikuwa imeijaza baraza yote, imemfunika miguu hadi kiunoni, imeteremka ngazini mpaka mchangani, na katikati ya weupe ule palisimama cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, kama mwamba mmoja uliozungukwa na povu la maji ya bamvua.

Juu ya mkono wa cherehani hiyo palikuwa na herufi za dhahabu. Nilizisoma, nikazisoma tena: INGE.

Herufi ya kwanza na ya mwisho zilikuwa zimefutika, S kwa upande wa sindano ambako nguo hupita ikisugua, na R kwa upande wa gurudumu ambako kiganja hutulia kila fundi anaposimamisha mshono. Kiganja cha baba yake kwanza, kisha chake yeye, hata dhahabu ikaisha na rangi nyeusi nayo ikaisha, kikabaki chuma kitupu kinachong'aa kama kizingiti cha msikiti. Zilizobaki ni zile nne za katikati. Watoto watokao chuoni huzisoma kwa sauti wapitapo, na mmoja wao, asemavyo fundi, alisimama siku moja na msahafu wake kifuani akamwuliza: "Babu, inge nini?"

Swali hilo lilinikaa. Lugha yetu inacho kiungo hicho, ambacho kikiwa ndani ya kitenzi hubeba majuto na matumaini kwa pamoja, ingekuwa, ingefaa, ingefika, lakini kikisimama pweke hakina maana yoyote ila kuliacha sikio likingoja. Nikamwuliza mzee alimjibu nini mtoto yule.

"Nilimwambia aende kwao akale," alisema. "Lakini jina lake nalijua. Sisi twaita Singa. Nilipokuwa mdogo nikidhani imeitwa hivyo kwa wororo wa mshono wake, kama vile mtu asemavyo nywele za singa."

Nikamwambia kuwa ni jina la mtu, Isaac Singer, Mmarekani. Hapo ndipo alipoweka kiganja juu ya gurudumu, mahali pale pale pa R, cherehani ikanyamaza.

"Alikuwa mtu?"

Wamarekani ambao majina yao huimbwa madarasani, kina Washington na Lincoln, kila mtoto wa Kwale aliyemaliza shule ameyasikia, na aghalabu ameyasahau siku ya pili baada ya mtihani. Huyu hafundishwi. Na ilhali huyu ndiye aliyeingia nyumbani, akaketi barazani, akashona sare za shule za watoto wale wale, na kanzu za Idi, na mito, na chandarua, na tanga la kumpeleka baba baharini. Miaka zaidi ya sitini katika baraza hii moja, wala mwenye baraza hajui kama ni binadamu.

Basi nikamhadithia niliyokuwa nayo. Singer alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la New York, akawa fundi wa mitambo kwa kulazimika na mwigizaji wa michezo ya jukwaani kwa kupenda, na mwaka 1850, katika karakana moja ya mji wa Boston, aliona cherehani ya watu wengine iliyokuwa ikiharibika kila mara, akaitazama, na husemwa kuwa kwa siku 11 tu alikuwa ameitengeneza upya. Hati ya kumiliki uvumbuzi wake aliipata mwezi wa Agosti 1851. Lakini sindano yenye tundu nchani haikuwa yake. Hiyo ilikuwa katika hati ya mwenziwe, Elias Howe, ya mwaka 1846, na Howe akamshitaki, akashinda, Singer akatozwa.

Fundi alilipenda neno hili la sindano kuliko yote. Akachomoa sindano ya mkono aliyokuwa ameichomeka katika ukosi wa shati lake, akaiweka sambamba na ile ya cherehani, akaniita nisogee.

"Tazama, mwanangu. Hino ya mkono tundu lake liko kisogoni. Yaingia yote, yatoka yote, na uzi waifuata. Hino ya Singa tundu liko mdomoni. Haitoki upande wa pili hata siku moja. Yapiga mbizi, yaacha tanzi, na wa chini," akafungua kibati akanionyesha bobini, "wa chini wapita ndani ya lile tanzi, ndipo sindano yapanda, nao wawili wakamatana katikati ya nguo. Si juu, si chini. Ukiona fundo juu, ujue uzi wa juu umekaza mno. Ukiliona chini, umelegea. Likijificha katikati, hapo umeshona. Na uzi mmoja ukikatika baharini, wa pili waushika. Tanga halifumuki lote. Huyo aliyeliwaza hilo la tundu, yeye ndiye fundi. Huyo mwingine alikuwa mfanyi biashara."

Alikuwa hakukosea sana. Mshirika wa Singer, wakili Edward Clark, ndiye aliyeanzisha katika mwaka 1856 ule utaratibu wa kumpa mnunuzi cherehani akaenda nayo kwake, akalipa kidogo kidogo kila mwezi, na kwa ufunguo huo wakaifungua milango ya dunia nzima. Marehemu baba yake fundi aliinunua hii kwa njia hiyo hiyo, akilipa kwa miezi 18, na katika mwaka huo na nusu, mzee anakumbuka, nyama haikuingia nyumbani ila Idi. "Tukila samaki na Singa," alisema.

Yako maneno mashuhuri ya Gandhi, mtu aliyeuogopa utawala wa mashine juu ya roho za watu, aliyesema mwaka 1924 kwamba hata hivyo cherehani ya Singer angeiachilia, maana ni katika vitu vichache vya manufaa vilivyowahi kubuniwa, na kwamba mwenyewe aliibuni kwa kumwonea mkewe huruma alipomwona akitaabika na sindano. Ni hekaya ya kupendeza, nami sikuwa na moyo wa kumficha fundi yaliyobaki: kwamba Singer aliishi na wanawake kadha kwa wakati mmoja, akazaa watoto zaidi ya ishirini, akakimbilia Ulaya kwa aibu, akafa Uingereza mwaka 1875 akiwa tajiri wa kutajika, na kwamba yeye mwenyewe hakujificha kuwa alichokitafuta ni senti, si uvumbuzi.

Mzee alicheka mpaka tanga likatikisika. "Sasa huyo mke aliyemwonea huruma, ni yupi katika hao?"

Sikuwa na jawabu.

Chini ya gurudumu pana nambari iliyopigwa katika chuma, na nambari hiyo hutanguliwa na herufi mbili, ya kwanza E. Wajuao mambo haya husema kuwa mashine za herufi hizo zilitoka Clydebank, katika Uskoti, kwenye kiwanda ambacho kampuni ya Singer ilikifungua katika mwaka 1885 na kikafungwa mwaka 1980. Kwa hiyo cherehani hii ya Mmarekani haikuonana na Marekani. Ilisafirishwa kutoka Uskoti, ikauzwa kwa wakala wa Mombasa, ikapita Likoni, ikafika Vanga kwa mashua, na hata jina letu la kuiita, cherehani, lina damu ya Kiajemi na gurudumu ndani yake. Nilipomweleza, fundi hakushangaa. Aliikunja pembe ya tanga akanitupia magotini.

"Na hino je? Hino twaitaje?"

Merikani, nikasema, kama asemavyo kila mtu wa pwani.

"Haya. Yatoka wapi?"

Robota lilikuwa kando yake, na maandishi juu yake hayakuwa na habari ya Marekani. Mzee anakumbuka kuwa katika utoto wake watu wazima walikuwa wakisema merikani ya Japani, na hakuna aliyeona kichekesho ndani yake. Baba yake alisema merikani ya Bombay. Babu yake alisema merikani basi, bila ya kuongeza neno, na huenda yeye ndiye wa mwisho katika nasaba ile aliyegusa nguo iliyostahili jina hilo.

Merikani ilianza na mtu ambaye jina lake halimo katika midomo yetu kabisa. Francis Cabot Lowell alikwenda Uingereza mwaka 1810, akavizuru viwanda vya kufuma, ambavyo siri zake zilikuwa haziruhusiwi kutoka, akazichukua kichwani, na aliporudi kwao akafanya kinu cha kusokotea na kufumia chini ya paa moja huko Waltham katika Massachusetts. Akafa mwaka 1817, na mji mzima wa viwanda ukapewa jina lake. Nguo nzito, ya rangi ya maziwa, isiyopaushwa, ndiyo iliyotoka humo na katika viwanda vilivyofuata, na mabaharia wa Salem, huko huko Massachusetts, wakaileta Unguja kubadilisha kwa pembe na sandarusi. Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana mkataba na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, huko Maskati mwezi wa Septemba 1833, ushuru ukawa asilimia 5. Mwaka 1840 jahazi ya Seyyid, Sultana, ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman, wenyeji wakamiminika kumtazama na kilemba chake, akachorwa picha ya rangi, na ilipofunga safari ya kurudi ilikuwa imepakia, pamoja na mengine, marobota ya merikani. Kuanzia hapo jora la nguo hii likawa fedha: msafara haukuondoka pwani kwenda bara, uwe wa Pangani, wa Tanga au wa hapa Vanga, bila ya kubeba nguo ya kulipia njia, maji na chakula.

Kisha, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Abraham Lincoln alizifunga bandari za majimbo ya kusini mwaka 1861, pamba ikakosa kufika viwandani, merikani ikaadimika huku kwetu, na Bombay ikaingia mahali palipoachwa wazi. Hivi ndivyo vita vya mtu huyu mkubwa vilivyofika Uswahilini. Si kwa hotuba zake, bali kwa bei ya nguo.

Mzee aliyasikiliza haya akiendelea kushona, maana mwenye tanga alikuwa akilitaka. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno.

"Hiyo pamba, walilima wao wenyewe?"

Nikamwambia walioilima na kuichuma walikuwa watumwa, watu weusi, wengi wao wajukuu wa waliovukishwa kutoka Afrika ya Magharibi. Nikaongeza habari ya Richard Waters wa Salem, balozi wa kwanza wa Marekani Unguja tangu mwaka 1837, mcha Mungu ambaye katika shajara yake aliwahuzunikia watumwa aliowaona kule, na ambaye kila kulipopambazuka aliuza nguo iliyochumwa na mikono ya namna ile ile, akipokea pembe zilizoletwa pwani mabegani mwa watu. Sijui kama siku moja aliziweka huzuni na hesabu zake katika ukurasa mmoja.

Fundi alinyamaza kitambo. Akaitafuta shazia yake, maana kilichobaki kilikuwa kushona dasi, ile kamba ya ukingoni, ambayo cherehani haiiwezi na hushonwa kwa mkono na kastabini.

"Wa mashine jina lake wameliandika kwa dhahabu," alisema. "Wa kiwanda wamempa mji. Na nguo wameipa jina la nchi. Hao waliochuma wameandikwa wapi?"

Nilidhani ananiuliza mimi, lakini alikuwa akitia uzi katika tundu, jicho moja amelifumba.

Kazi moja, aliniambia baadaye, haiingii cherehani hii kabisa, nayo ni sanda. Watu wa Vanga wamezikwa katika merikani vizazi na vizazi. Siku hizi wengine hutaka bafta, lakini wazee huusia merikani. Mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano, na fundi huvipima kwa mkono, akavichana kwa vidole, bila ya mshono. Nilipomwomba anionyeshe namna ya kuchana alikataa. Hilo halionyeshwi mtu aliye hai, alisema, labda awe mwanafunzi wake, na mwanafunzi hana. Wanawe wote wako Mombasa na mmoja yuko Maskati.

Gari lilipopiga honi kwenye mwembe, alikuja kijana mmoja mvuvi, mabega yamekauka chumvi, amebeba tanga la ngalawa lililochanika kuanzia kwenye foromali hadi karibu na demani, akalitua juu ya lile jeupe bila ya kuuliza. Alitaka litiwe kiraka kabla ya alfajiri.

"Kiraka cha nini?" aliuliza fundi. "Turubali ninalo."

"Tia merikani, babu," alisema kijana. "Ile nzito."

Mzee akaegemea nyuma kulifikia robota, mguu wake ukiwa tayari juu ya kikanyagio.