Wachapishaji wa vitabu na jinamizi la mali kauli

Kaa kijiweni, useme unafungua kampuni ya kuchapisha vitabu. Washikaji watakucheka mpaka chai iwapalie. "Bwana wee, Mbongo gani anasoma?" Waache wacheke. Wabongo wanasoma, waulize wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini pale Posta. Ugomvi ni pesa inavyochelewa kurudi.

Kwanza tuelewane, maana wengi wanachanganya. Mpiga chapa ni yule mwenye mitambo. Unampa kazi, anakupa bili, mmemalizana. Mchapishaji huenda hana hata mashine moja, ana meza na simu tu. Yeye ndiye anayesoma mswada, anamtafuta mhariri na mchoraji wa jalada, anaomba namba ya ISBN, anatoa mapene mfukoni, halafu anakaa kusubiri.

Anasubiri nini? Piga hesabu ya mfano. Umechapa riwaya nakala 1,000 kwa shilingi milioni 3. Mhariri na mchoraji wamechukua laki 8. Kitabu unakiuza shilingi 8,000. Mwenye duka anakata asilimia 35, yaani 2,800. Mwandishi ana mrabaha wa asilimia 10, yaani 800. Kwako inabaki 4,400. Kwa hiyo nakala 864 za kwanza zinarudisha gharama tu. Faida yako imo katika zile 136 zilizobaki, haifiki hata laki 6, na hapo hujalipa pango, hujalipa basi la kupeleka maboksi Mwanza, hujagawa zile nakala za bure ambazo kila rafiki anaona ni haki yake.

Kaburi lenyewe ni mali kauli. Maduka mengi hayanunui, yanapokea. Unaacha nakala 20, unasainiwa karatasi, unaambiwa upite baada ya miezi 3. Ukipita, bosi kasafiri. Ukipita tena, 12 zimeuzwa lakini pesa "imezungushwa kidogo". Nane zilizobaki zimepauka kwa jua la dirishani. Na huku mwandishi anapiga simu kila wiki, kitabu chake kakiona dukani, anataka chake. Hapo ndipo wachapishaji wengi wadogo wanapoharibu: wanakula mrabaha wa mtu kulipia chapa ya kitabu cha pili. Mimi nasema huo ni wizi hata kama nia ilikuwa njema.

Wapo waliothubutu, na majina yao mnayajua. Ben Mtobwa, baba wa yule mpelelezi machachari Joram Kiango, hakungoja kubembeleza makampuni makubwa. Alianzisha Heko Publishers, na mwaka 1990 "Dar es Salaam Usiku" ikatoka kwa jina hilo. Mwandishi, mchapishaji na mchuuzi ndani ya suruali moja! Mtobwa alifariki mwaka 2008, ila Joram bado anatafutwa.

Mwingine ni Walter Bgoya. Aliongoza Tanzania Publishing House, shirika la umma, tangu 1972 hadi 1990. Mwaka ule wa 1972 ndipo TPH ilipotoa kitabu cha Walter Rodney, "How Europe Underdeveloped Africa", ikishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London. Na hao wa London hawakuwa matajiri: ilikuwa kampuni ya Jessica na Eric Huntley, mtu na mkewe kutoka Guyana, iliyoanzia nyumbani kwao kwa michango ya marafiki. Bgoya alipotoka TPH akaanzisha Mkuki na Nyota, mwaka 1991, bila ruzuku ya Serikali.

Muda ulikuwa mzuri, kwani miaka hiyo ndipo Serikali ilipoanza kuwafungulia watu binafsi mlango wa vitabu vya kiada. Kitabu cha shule kina mnunuzi wa uhakika, na ndicho kilicholisha riwaya na mashairi yasiyo na mnunuzi. Lakini katika miaka ya 2010 kazi hiyo ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wengi waliozoea mteremko huo wakabaki wameshika tama. Ongeza mashine za fotokopi jirani na kila chuo, mchezo unakuwa mgumu kweli.

Sasa wanaodumu wanadumu kwa nini? Ukifungua madaftari yao utakuta siri haiko kwenye kitabu kilichovuma wiki mbili. Iko kwenye kile kizee kinachouza nakala chache kila mwezi, mwaka hadi mwaka, gharama zake zikiwa zimekwisha kulipwa zamani. Kitabu cha Rodney kimevuka nusu karne na wanafunzi bado wanakiulizia.