Tujitayarishe Kabla ya Mimba

Mkulima wa pamba wa Bunda hangoji mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Husafisha shamba mapema na kuweka mbegu tayari. Mvua ikinyesha, kazi yake ni kupanda.

Je, sisi tunafanya hivyo tunapotaka mtoto? Wengi hatufanyi. Mama huenda kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au zaidi. Kwenda kliniki ni jambo jema, na kila mama mjamzito aende mapema. Lakini yako mambo ambayo mwezi wa tatu yamekwisha kupita. Mambo hayo hutaka matayarisho kabla ya mimba. Kwa hiyo mume na mke wanaotaka mtoto waende kwanza kumwona daktari au mganga wa zahanati.

Siku 28 za kwanza

Mimba inapotunga, mtoto huanza kuumbwa mara moja. Uti wa mgongo na ubongo huanza kama mfereji mdogo. Mfereji huo hujifunga katika siku 28 za kwanza. Siku hizo mama wengi hawajui kwamba wana mimba. Anaona tu kwamba amechelewa kidogo siku zake.

Mfereji usipofunga vizuri, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Watoto wengi wa namna hiyo hupata pia kichwa kikubwa, kwa sababu maji hujaa kichwani. Watu husema mama amerogwa, au amevunja mwiko. Sivyo. Sababu moja kubwa ni upungufu wa vitamini iitwayo foliki asidi.

Foliki asidi imo katika mchicha, majani ya kunde, maharage, choroko na machungwa. Tule vyakula hivyo. Lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Mama anayetaka mimba anahitaji pia vidonge vya foliki asidi. Aanze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na aendelee mpaka mimba ifikishe miezi mitatu. Akianza mwezi wa nne, mgongo wa mtoto umekwisha kuumbwa.

Ugonjwa wa selimundu

Sisi wa Mara tunakaa kando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi. Katika nchi zenye malaria nyingi, selimundu nayo ni nyingi. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka.

Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa hujipinda mfano wa mundu wa kuvunia. Huziba mishipa midogo. Mtoto huumwa mifupa, huvimba vidole, hupungukiwa damu, na macho yake huwa ya manjano.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mtoto hupokea urithi kwa baba na kwa mama. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa mzima. Hulima, huvua samaki, wala hajui kwamba anayo. Huyu tunamwita mbebaji. Mbebaji akioana na asiye nayo, hawatazaa mtoto mgonjwa wa selimundu. Lakini wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba ipo nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Tuelewe vizuri hapo. Haina maana kwamba watoto watatu watakuwa wazima na wa nne atakuwa mgonjwa. Kila mimba ina bahati yake. Wa kwanza anaweza kuwa mgonjwa, na wa pili pia.

Damu ikipimwa, mume na mke watajua kama ni wabebaji. Daktari hatawaambia waachane. Atawaeleza, na uamuzi ni wao. Wakizaa, watajua kwamba mtoto apimwe mapema na kuanza dawa mapema. Mtoto anayetunzwa hivyo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kukua.

Mambo mengine ya kupimwa

1. Kaswende. Huweza kuua mtoto tumboni. Hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Mume na mke watibiwe wote wawili.

2. VVU. Mwenye VVU anaweza kuzaa mtoto asiye na VVU. Atumie dawa kila siku, na amweleze mganga mapema kwamba anataka mtoto.

3. Upungufu wa damu. Malaria, safura na kichocho hupunguza damu. Wanaovua samaki, kuteka maji na kufua ziwani wapimwe kichocho. Mama mwenye damu kidogo huwa hatarini anapojifungua.

4. Shinikizo la damu, kisukari na kifafa. Baadhi ya dawa za magonjwa haya huweza kudhuru mtoto anayeumbwa. Usiache dawa mwenyewe. Mwulize daktari kabla ya mimba, naye ataibadilisha ikibidi.

5. Nafasi kati ya watoto. Mama apumzike angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Bwana naye aende

Wanaume wengi husema hiyo ni kazi ya wanawake. Hilo si kweli. Selimundu hutoka pande mbili. Kaswende humrudia mke kama mume hakutibiwa.

Hata kukosa mtoto si kosa la mke peke yake. Bibi arusi akikaa mwaka bila mimba, maneno huanza. Mama mkwe hunung'unika. Wengine hudai ng'ombe wao wa mahari warudishwe. Lakini huenda mbegu za mume ndizo zenye kasoro. Kama mmejaribu miezi 12 bila mimba, nendeni mkapimwe wote wawili. Kama mke amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6.

Twende wapi?

Anzeni zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Semeni wazi: "Tunataka mtoto, tumekuja kupimwa kwanza." Msione haya. Chukueni kadi za zamani na dawa mnazotumia. Elezeni kama mimba iliwahi kuharibika, au kama mtoto alifariki. Kipimo kisipokuwapo, ombeni mwelekezwe hospitali ya Bunda, Butiama au Musoma.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vilisikiliza redio, vikajadili, kisha vikachimba vyoo na kusafisha visima. Walisoma wakatenda. Nasi tumesoma. Tutende.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini foliki asidi ianzwe kabla ya mimba?

2. Mbebaji wa selimundu ni mtu wa namna gani?

3. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowazuia wanaume kwenda zahanati pamoja na wake zao? Tufanye nini?