Maji Maangavu Yenye Sumu: Fundisho kutoka Bangladesh

Tumezoea kuhusisha shinikizo la juu la damu na chumvi, unene au msongo wa mawazo. Nchini Bangladesh, hata maji ya kunywa yamehusishwa nalo.

Kuanzia miaka ya 1970, wananchi walichimbiwa visima vya pampu ili waepukane na maji ya madimbwi yaliyoeneza kuhara. Nia ilikuwa njema. Lakini ardhini ilikuwamo aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayohesabiwa pamoja na metali nzito. Kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Visima vingi vilizidi mno. Huko Araihazar, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia maelfu ya watu, wakaona kwamba shinikizo la damu lilipanda kwa kasi zaidi, mwaka hadi mwaka, kwa waliokunywa aseniki nyingi.

Visima vilipimwa: vyenye sumu vikapakwa rangi nyekundu, vilivyo salama rangi ya kijani. Kwa familia nyingi, kinga ya karibu ilikuwa kisima cha jirani.

Katika Waraka wake “Laudato si” wa mwaka 2015, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba maji safi na salama ni haki msingi ya binadamu. Huko Araihazar, haki hiyo ilitegemea pia jirani aliyekubali kufungua ua wake. Nasi tupime maji tunayokunywa. Na mwenye kisima salama asimfungie mwenzake mlango.